Mpira wa Raga Tumboni mwa Kelera

3 Novemba, Jumatatu

Barua imekuja na gari la mkate. Leba ya hospitali yetu hapa Naqaralevu itakaguliwa tarehe 14 Aprili. Wakaguzi wawili watatoka mji mkuu, Suva, wataanzisha dharura ya kuigiza, kisha watasimama pembeni kuitazama timu ikihangaika. Timu ikifaulu, leba inabaki. Ikishindwa, leba inafungwa, na wanawake wa ghuba hii yote watajifungulia mjini, mwendo wa saa tatu kwa lori kupitia mlimani. Msimu wa vimbunga ndio unaanza. Kila mtu hapa anajua barabara ya mlimani hukatwa mara ngapi.

Mimi nilistaafu ukunga miaka minane iliyopita. Nina miaka sitini na minane, na nilikuwa nimejipangia kulima magimbi na kusuka mikeka. Lakini kwa kuwa nilifundisha wauguzi miaka thelathini, nimeombwa niizoeze timu. Nimekubali, nikanunua daftari hili, maana kazi nisiyoiandika huisahau nusu.

Chanzo cha yote ni Titilia. Machi iliyopita alijifungua hapa, akaanza kutoka damu. Daktari aliona mchaniko akaushona, akiamini ndiko damu inakotoka. Kumbe kizazi kilikuwa kimelegea na damu inajaa ndani. Ilikuja helikopta, na Titilia akaishi, lakini kizazi kiliondolewa. Ana miaka ishirini na miwili na mtoto mmoja. Huketi safu mbili mbele yangu kanisani, nami huiangalia shingo yake kuliko ninavyomwangalia mchungaji.

9 Novemba

Nimemaliza kumshona mgonjwa wetu. Mwili wake ni magunia ya unga yaliyojazwa makumbi ya nazi. Kizazi kilinisumbua siku tatu. Kizazi kikikaza huwa kigumu kama goti, na kikilegea huwa kama unga uliokandwa, na mkunga anapaswa kuijua tofauti hiyo kwa kiganja. Nilijaribu puto, nikajaribu kibofu cha nguruwe. Mwishoni Vilikesa, mhudumu wetu wa wodi, aliniletea mpira mkuukuu wa raga wa timu yake. Umbo ni lilelile. Nikiujaza upepo kwa pampu ya baiskeli ni kizazi kilichokaza. Nikiutoa, kimelegea. Damu ni sharubati nyekundu ya chupa.

Tumemwita Kelera.

14 Novemba, Ijumaa

Zoezi la kwanza. Nitaandika kwa urefu, kwani nataka kukumbuka tulipoanzia.

Timu ni watu wanne. Daktari Apenisa, miaka thelathini na mmoja, mtoto wa hapahapa, mwepesi wa mikono. Makereta, mkunga, niliyemfundisha mwenyewe. Vilikesa, mpana kama mlango, ambaye nilidhani ameajiriwa ili kubeba watu na kula chakula chao. Na Suruj, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye pia ndiye bwana wa jenereta na mitungi ya oksijeni. Babu yake aliletwa na wakoloni kwa meli kukata miwa, na Suruj husema bado hajasamehe.

Nililala chini ya kitanda na pampu yangu na saa. "Mtoto" alipotoka, nikatoa upepo, nikaanza kuhesabu.

Kiganja cha Makereta kilikuwa juu ya tumbo, kwa hiyo alijua mara moja. Nilijua kwamba amejua, maana niliona miguu yake ikigeuka. Akauambia ukuta, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Huenda kizazi si kigumu sana."

Daktari akasema, "Mchaniko huu ni mrefu," akaendelea kushona.

"Inawezekana kuna ulaini," ukuta ukaambiwa tena.

Sharubati ilinidondokea shingoni. Nilihesabu sekunde mia mbili na ishirini kabla daktari hajaweka sindano chini na kugusa tumbo mwenyewe.

"Kelera amefariki," nikasema kutoka chini ya kitanda.

"Pole zake," Suruj akasema. "Alikuwa mgonjwa mtulivu."

Hakuna aliyecheka. Nilipowauliza nini kilitokea, daktari alisema, "Sikuambiwa." Makereta alitazama vidole vya miguu yake.

Sasa jambo lenyewe. Baba wa Apenisa na baba wa Makereta walizaliwa tumbo moja. Kwetu, mtoto wa baba mdogo si binamu, ni ndugu, na kaka na dada wakishakua hawazungumzi uso kwa uso. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hawatajani majina. Huo si ugomvi. Ni heshima kubwa kuliko zote, na kaka aliyelelewa vizuri huacha njia dada yake anapopita. Ofisi iliyowapanga pamoja iko mbali, na hakuna aliyeiambia. Kwa miaka miwili wamefanya kazi hivyo. Kaka hukiamuru chumba, dada huuambia ukuta, na mengi huandikwa kwenye faili. Siku za kawaida hutosha. Damu haisubiri faili.

20 Novemba

Sisimizi wamemvamia Kelera kwa sababu ya sharubati. Nimemwanika juani siku nzima. Watoto wa shule wamezunguka mbali.

28 Novemba

Zoezi la pili. Sekunde mia moja na tisini. Kelera amefariki.

Baada yake nilifafanua. Nilieleza kizazi kinavyobana mishipa, nikaeleza dozi, nikaeleza dharura iliyotokea mwaka ambao Suruj bado alikuwa na nywele. Nilipomaliza, Suruj aliinua mkono kama mtoto wa darasani.

"Bubu, naomba kuuliza."

Wote huniita bubu hapa, yaani bibi, hata yeye ambaye ananikaribia umri.

"Uliza."

"Zoezi ni dakika nane. Mahubiri dakika arobaini na tano. Huko mjini ndivyo wanavyofanya, au wao mahubiri huyakatiza wapate kula?"

Vilikesa akakohoa ndani ya shati lake. Nilikasirika mpaka nyumbani. Nilipokuwa namenya muhogo nikakubali kwamba ni kweli. Zoezi lenyewe halifundishi kitu. Kinachofundisha ni mazungumzo ya baadaye, watu wakisema wenyewe waliona nini na kwa nini walinyamaza. Nami sikumwachia mtu hata nafasi ya kupumua.

5 Desemba

Mvua. Zoezi la tatu, sekunde mia moja na themanini na tano. Kelera amefariki. Leo niliuliza swali moja tu, "Nani aliona nini?", kisha nikauma ulimi. Vilikesa ndiye aliyesema, "Mimi nilimwona Makereta akiongea na ukuta. Nikadhani anasali."

9 Desemba

Mvua.

12 Desemba

Makereta alikuja jioni kuniletea papai. Tulikaa barazani. Nikamuuliza, kwa upole, kama ni desturi peke yake inayomfunga mdomo.

"Bubu, mwaka wa kwanza chuoni ulitufundisha kwamba muuguzi mzuri ni kama taa. Anamulika, haongei. Nililiandika. Bado ninalo daftari."

Nakumbuka somo hilo. Nililitoa miaka thelathini mfululizo, na nilijivunia mfano wangu. Nimekula papai lote bila kujua ladha yake.

2 Januari

Titilia amefika hospitali akiwa na mtoto mgongoni. Nilikuwa natambaa kutoka chini ya kitanda na magoti yangu yanalia. Alimtazama Kelera, akamtazama tumboni, akauliza ule mpira unafanya nini. Nikamweleza. Nilitamani nisimweleze.

"Bubu, magoti yako yamechoka," akasema. "Nipe pampu."

"Mwanangu, huna haja."

"Nimesema nipe pampu. Nataka kujua ni muda gani."

Nimempa.

9 Januari

Zoezi la tano, Titilia chini ya kitanda. Anahesabu kwa sauti, jambo ambalo mimi sikulifanya. Sauti yake ilitoka pale chini bila kupanda wala kushuka. Tisini na tisa. Mia moja. Mia moja na moja. Daktari aliposikia mia moja na hamsini aliuangusha uzi. Mia moja na sabini. Kelera amefariki.

Leo swali langu sikuliuliza.

17 Januari, Jumamosi

Leo mchana wanaume walikaa kunywa yaqona, maji ya mzizi uliopondwa, kwa Ratu Jeremaia, mzee wa ukoo wa kina Apenisa, nami nilikaa mlangoni nikisuka. Nimewatazama watu wakinywa yaqona tangu nizaliwe, na leo ndipo nilipoona.

Mpokeaji hupiga kofi moja. Maana yake, nimekiona kikombe, ni changu. Anakunywa. Kikiwa kitupu wote husema "maca," yaani kimekauka, na kupiga makofi matatu. Hakuna anayeachwa akijiuliza kama fulani amekunywa. Huko vyuoni tulilifundisha jambo hilohilo kwa michoro ya mishale na duara: agizo likitolewa lirudiwe, na likitimizwa litangazwe. Wanafunzi walisinzia. Kumbe mababu walikuwa wakilifanya kila Jumamosi.

Na kuna jambo zuri zaidi. "Maca" haisemwi kwa aliyekuhudumia. Husemwa kwa duara zima. Dada anaweza kuisema mbele ya kaka yake bila kumsemesha.

21 Januari

Tumejaribu. Daktari akaagiza chumba, "Sindano ya kwanza."

"Sindano ya kwanza," Makereta akasema. Akachoma. "Maca."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake kamili ndani ya chumba kile. Vilikesa aligeuka kuona nani ameingia.

"Dripu ya pili."

"Dripu ya pili," Suruj. Kimya. "Imeingi... ngoja, imepinda. Sasa. Maca."

"Wewe ukisema maca huwa nakiona kikombe," Vilikesa akamwambia. "Na huwa hakijaisha."

Kizazi kilipolegea, hata hivyo, ukuta ndio ulioambiwa. Sekunde mia moja na kumi. Kutekeleza agizo tumejua. Bado hatujajua kumzuia anayeagiza.

28 Januari

Watu wa kisiwa anakotoka Vilikesa na watu wa hapa ni tauvu, watani wa tangu mizimu ya kwanza. Anaweza kuingia nyumba yoyote hapa, akachukua kuku, akamtukana mwenye nyumba, na mwenye nyumba hucheka kwa kuwa kukasirika ni aibu. Suruj ndiye aliyeleta wazo hilo, wakati tunapanga glavu.

"Makereta hawezi kumwambia daktari. Sawa. Huyu fahali hapa hawezi kunyamaza. Kwa nini hatumtumii? Tumekaa naye miaka minne tukivumilia bure?"

Kwa hiyo leo Makereta alipohisi kizazi kimelegea alimnong'oneza Vilikesa, na Vilikesa akanguruma, "Wewe mla popo! Acha kushona nguo za mama yako, kizazi kimelegea!"

Daktari aliacha mara moja, akicheka. Sekunde arobaini. Kelera amepona. Suruj alimpa mkono, yaani alimpa mkono Kelera.

Titilia alitoka chini ya kitanda na vumbi kwenye nywele. Yeye hakucheka. "Arobaini ni nyingi," akasema, akaenda kumnyonyesha mwanawe.

6 Februari

Sekunde thelathini na nne.

11 Februari

Tumefanya zoezi la puto. Sindano na dripu zikishindwa, kondomu hufungwa kwenye mrija wa mkojo, huingizwa ndani ya kizazi na kujazwa maji, nayo huibana mishipa kwa ndani. Imeokoa wengi katika hospitali zisizo na chumba cha upasuaji. Boksi letu la kondomu lilikuwa limepita muda wake, tukamtuma Suruj dukani. Yeye ni mweka hazina wa hekalu lao, na duka ni la shemeji yake.

"Nilimwambia ni za Kelera," akatuarifu. "Akauliza Kelera ni nani. Nikasema mwanamke mmoja wa magunia. Sasa mke wangu ananingoja nyumbani."

Sekunde thelathini. Nafurahi, lakini jambo moja linanikera. Tumempa Makereta mdomo wa kuazima. Anayeazima huja siku moja akakuta mwenye mali hayupo.

21 Februari

Redio inasema kimbunga kimegeuka kuja upande wetu. Nimefunga madirisha kwa mbao na kuhamia hospitali, kwa kuwa ndilo jengo la zege. Titilia na familia tatu nyingine wamekuja pia.

24 Februari, Jumanne

Ninaandika mchana.

Upepo ulipita alfajiri. Kulipokucha paa la shule halikuwepo na mto ulikuwa umevunja kivuko. Vilikesa, aliyekuwa amekwenda kuwahamisha wazazi wa mkewe, alikuwa ng'ambo. Tulimwona kwa mbali akipunga shati. Barabara ya mlimani imekatwa mahali pawili, na helikopta haziruki.

Saa tatu asubuhi walimleta Losena juu ya mlango wa nyumba yake, wanaume sita, uchungu umekomaa. Mimba yake ya tatu. Saa nne kasoro dakika kumi mtoto alitoka, msichana, akilia vizuri. Mimi nilikuwa kwenye kiti karibu na ukuta na saa na karatasi, kwani ndivyo tulivyopanga: mmoja huandika muda na haondoki hapo. Suruj alikuwa nje akihangaika na jenereta. Ndani tulikuwa Apenisa, Makereta, mimi na Losena.

Kondo la nyuma lilitoka lote. Damu ikaja.

"Sindano ya kwanza," daktari akakiambia chumba.

"Sindano ya kwanza." Kimya kifupi. "Maca."

Niliandika saa nne kasoro dakika nne. Kizazi kilikaza. Daktari akauona mchaniko, mrefu, unavuja, akavuta taa akaanza kushona. Nilipokuwa nimeketi niliona mgongo wake na mikono ya Makereta tu, mmoja juu ya tumbo, mwingine umeshika kiganja cha Losena. Damu chini ilipungua. Losena akasema ana kiu.

Kisha niliona miguu ya Makereta ikigeuka.

Nilikuwa nimeiona miguu hiyo ikigeuka kutoka chini ya kitanda, Novemba. Nilijua maana yake kabla hajafumbua mdomo. Alitazama ukuta. Akatazama mahali ambapo Vilikesa husimama, na hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka kitini, neno liko mdomoni.

"Apenisa."

Alilisema jina lake. Hakuwa amelitaja tangu akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Lilitoka kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Apenisa, acha kushona. Kizazi kimelegea tena. Damu inajaa ndani."

Mikono ya daktari ilisimama hewani. Hakumtazama. Aliitazama ile sindano kana kwamba ndiyo iliyoongea. Nilihesabu moja, nikahesabu mbili.

"Naacha kushona," akasema. "Kizazi kimelegea. Makereta, sindano ya pili. Bubu, muda."

"Saa nne na dakika tatu," nikasema.

"Sindano ya pili." Kimya. "Maca. Presha themanini kwa hamsini, inashuka."

"Nimesikia, themanini kwa hamsini. Dripu ya pili, ifunguliwe yote."

"Dripu ya pili, yote. Maca."

Daktari alikuwa ameshaingiza mkono, ngumi ndani na kiganja juu, anakibana kizazi kati ya mikono yake, na madonge yalitoka makubwa kama ini la ng'ombe. Suruj aliingia amelowa, akasimama.

"Suruj, oksijeni," Makereta akasema.

"Oksijeni." Nikasikia mtungi ukifunguka. "Maca, na safari hii ni kweli."

Kizazi kilikaza, kikalegea. Kilikaza, kikalegea. Losena aliacha kuomba maji, na hilo lilinitisha kuliko damu.

"Puto," Makereta akasema. "Tusingoje."

"Puto," kaka yake akajibu. "Tusingoje."

Alilifunga Makereta, sekunde thelathini na tano, uzi mara mbili kama tulivyofanya kwa Kelera. Akampa. Mkono kwa mkono. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyeliona hilo, kwa kuwa mimi peke yangu sikuwa na kazi ya mikono. Maji mililita mia tatu, mia tatu na hamsini, mia nne. Damu ikawa uzi. Uzi ukawa matone.

"Maca," akasema Apenisa.

Saa nne na dakika ishirini na sita. Presha tisini. Kisha mia moja. Losena alifumbua macho akauliza kama paa lake limebaki. Suruj akamwambia paa limekwenda lakini mlango uko salama, umeulalia.

Titilia alikuwa nje kwenye korido tangu mwanzo, mgongo ukutani. Nilipotoka aliuliza neno moja. "Ngapi?"

Nikamwambia nadhani sekunde kumi na mbili. Akakaa chini sakafuni pale alipokuwa amesimama.

25 Februari

Losena amekula supu ya samaki. Puto limetolewa, hakuna damu. Mtoto ananyonya. Barabara bado.

1 Machi, Jumapili

Tangu siku ile Makereta hajala vizuri. Desturi ikivunjwa hutengenezwa, kwa mzizi wa yaqona na maneno ya kuomba radhi, na leo baada ya ibada aliniomba nimsindikize kwa Ratu Jeremaia. Wazee walikuwa wamekaa. Apenisa alikuwa upande wa juu, amegeuza uso, kama apasavyo. Makereta akaweka mzizi mbele yao. Mimi nilisema kwa niaba yake kwamba dada amemtaja kaka yake kwa jina, amemkatisha kazi, amempa kitu mkono kwa mkono.

Ratu Jeremaia hajulikani kwa haraka. Alimuuliza Apenisa kama ana la kusema.

"Ninalo," akasema, akiutazama mkeka. "Mwaka jana, kwa Titilia, dada yangu aliuambia ukuta kwamba kizazi kimelegea. Wakaguzi waliponiuliza, nilisema sikuambiwa. Bubu aliponiuliza, nilisema sikuambiwa. Nilisikia. Nilisikia kila neno. Nikajiambia, hakusema nami. Kwa hiyo wa kuomba radhi si yeye."

Nilikuwa nimemhesabu kuwa kijana mwenye kiburi. Miezi minne nimeandika hivyo kichwani. Kumbe alikuwa mtu aliyebeba jiwe.

Mzee aliugusa mzizi, maana yake umepokelewa. Akasema, "Mwanamke aliyelala pale hana mdomo. Aliyeshika tumbo lake ndiye mdomo wake. Mimi sikusikia kwamba Makereta alisema. Nimesikia Losena alisema. Ndani ya chumba kile atakayesema ni mgonjwa, kwa kinywa cha yeyote aliyemshika. Nje ya mlango, mjiheshimu kama mlivyolelewa."

Alasiri Apenisa alikwenda kwa baba yake Titilia akiwa na mzizi mkubwa kuliko ule. Sikuwepo. Titilia ndiye aliyenisimulia. Apenisa alirudia aliyoyasema mbele ya wazee, kisha yeye na baba mtu wakamtazama Titilia.

"Ukamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia sijui bado kama nimemsamehe. Nikamuuliza zoezi la Jumatano ni saa ngapi."

4 Machi

Sekunde kumi na nane. Vilikesa analalamika kwamba amenyang'anywa kazi. Tumemruhusu kumtukana daktari kabla na baada.

18 Machi

Kumi na nne. Mvua imepungua. Magimbi yaliyozama nimeyang'oa, machache yamepona.

1 Aprili

Kumi na tatu. Sisimizi tena.

14 Aprili, Jumanne

Wakaguzi walifika saa mbili. Daktari Nirmala, mwanamke mfupi mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na bwana mmoja mwenye kishikwambi aliyeanza kuandika tangu mlangoni. Walikuwa na mgonjwa wao wa plastiki ndani ya boksi, lakini mvua za barabarani zilikuwa zimemharibu nyaya. Daktari Nirmala akamtazama Kelera, akambonyeza tumbo, akauliza nani ametengeneza kizazi hiki. Nikasema ni mpira wa raga. Akabonyeza tena, polepole.

"Huyu atafaa," akasema. Akamnyooshea kidole Vilikesa. "Wewe mkubwa, wewe leo ni mume wa mgonjwa. Kaa nje ulie."

Moyo wangu ulishuka, kisha nikakumbuka Februari ukapanda.

Mimi nilisimama pembeni bila kazi yoyote. Titilia akaingia chini ya kitanda. Mtoto wa kitambaa akatoka, kondo likatoka, sharubati ikaja. Sindano ya kwanza. Maca. Taa ikavutwa, mchaniko ukaonekana, daktari akashika uzi. Nikasikia upepo ukitoka, fyuu, na sauti ya Titilia ikianza kutoka chini. Moja. Mbili. Kutoka korido Vilikesa alilia kwa bidii kupita kiasi.

Niliona miguu ya Makereta. Haikugeuka.

"Apenisa, acha. Kizazi kimelegea."

"Naacha. Kizazi kimelegea. Sindano ya pili."

"Sindano ya pili. Maca."

Walikwenda hivyo mpaka mwisho, agizo na mwangwi na maca, Suruj na mitungi yake, puto, maji, bila mtu kupandisha sauti. Yule bwana wa kishikwambi alikuwa ameacha kuandika, anatazama tu. Zoezi lilipokwisha, Daktari Nirmala hakutoa hotuba. Aliuliza, "Nani aliona nini?" Nami nikapata kazi ya kuuma ulimi, kwa kuwa wote wanne waliongea kwa pamoja, Suruj kuliko wote.

Saa sita na nusu alitupa jibu akiwa amesimama mlangoni. Leba inabaki. Anataka pia kuleta timu mbili za hospitali nyingine hapa mwezi Juni, waje kujifunza, na akauliza kama Kelera anaweza kushonewa dada. Vilikesa alimbeba Suruj begani kumzungusha uwanja mzima, na Suruj, mweka hazina wa hekalu, alimpiga mgongoni kwa ndala akimwambia amshushe.

Makereta alitoka akiwa na beseni la nguo. Apenisa alikuwa anakuja njia ileile. Alimwona, akatoka njiani, akasimama kwenye majani yenye maji, uso ameelekeza baharini, mpaka dada yake akapita.

Nilirudi ndani kusafisha. Titilia alikuwa bado ameketi sakafuni karibu na kitanda, pampu mapajani, sharubati kwenye nywele, mwanawe amesimama akimshika bega.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Nilitoa upepo wote, Bubu, sikuwaonea huruma. Nikaanza kuhesabu taratibu." Alifuta uso kwa kiwiko, na nikaona anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Machi ya mwaka jana. "Sikufika kumi."

Akauchukua ule mpira, akaunganisha pampu, akaanza kuujaza upya. Alisukuma mpaka ukawa mgumu kama goti, akaupapasa kwa kiganja kuhakikisha, akaurudisha tumboni mwa Kelera na kumfunika shuka.

"Maca," akasema. "Jumatano saa ngapi?"